Spika Zinazoning'inia Juu ya Umati

Mfumo mkubwa wa spika katika tamasha hufungwa kwa njia mbili. Ama maboksi hupangwa chini, moja juu ya jingine, pembeni mwa jukwaa. Ama huning'inizwa hewani kwa minyororo kutoka kwenye paa la ukumbi, kwenye fremu za alumini ambazo mafundi huziita trasi, au kwenye minara iliyosimamishwa kwa siku chache tu. Njia zote mbili huweka tani za mbao, sumaku na chuma karibu na watu wasio na namna yoyote ya kujua kama kazi imefanywa sawasawa. Sauti mbovu kila mtu huisikia. Pini isiyoingia vizuri mita kumi juu haionekani wala haisikiki mpaka dakika inapotoka. Ndiyo maana usalama wa vyombo vya muziki hauwezi kupimwa kwa macho ya mtu aliyesimama uwanjani. Hupimwa kwa kuufuata uzito, kiungo kwa kiungo, tangu boksi la chini kabisa hadi ardhini, na kumjua mtu aliyekagua kila kiungo njiani.

Sababu ya kuzipandisha spika juu ni ya kifizikia. Sauti ya spika ya kawaida hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Aliye mita 2 kutoka kwenye rundo la spika na aliye mita 32 wanatofautiana kwa desibeli 24: wa nyuma akisikia vizuri, masikio ya wa mbele yanaumia. Spika zikiwa juu, tofauti ya umbali kati ya wa mbele na wa nyuma hupungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Ufaransa ya L-Acoustics, chini ya Christian Heil, ilitoa mfumo wa V-DOSC, ambamo maboksi yanayofanana huunganishwa katika safu moja ya wima iliyopinda kidogo, na sauti zao hushirikiana kama chanzo kimoja kirefu. Mtindo huo ulienea duniani kote, na safu hizo ndizo zinazoonekana leo kila upande wa majukwaa makubwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kiwango cha kumbi na matamasha: wastani wa sauti kwa dakika 15 usizidi desibeli 100 mahali penye watu. Ni vigumu kukifikia kiwango hicho kwa haki, mbele na nyuma, bila kuzipandisha spika. Kwa hiyo kuning'iniza kunalinda masikio, lakini kunahamishia hatari vichwani.

Hesabu huanza na uzito. Boksi moja la K2 la L-Acoustics lina kilo 56. K1, lililo kubwa zaidi, lina kilo 106. Safu ya K1 kumi na mbili ni kilo 1,272 kabla ya kitu kingine chochote. Juu yake kuna fremu ya chuma inayobeba safu, kuna mota za kunyanyulia pamoja na minyororo yake, kuna shakeli, yaani pingu za chuma za kuunganishia, na kuna kebo nene za spika ambazo zikishuka kutoka mita kumi na mbili nazo huwa mzigo wa kuhesabika. Kila upande wa jukwaa hukaribia tani moja na nusu. Kosa la kawaida ni kuandika uzito wa maboksi peke yake kwenye karatasi inayopelekwa kwa mwenye ukumbi. Jingine ni kusahau vitu vilivyoongezwa mchana wa tamasha: bango la mdhamini lililofungwa kwenye trasi ileile, taa mbili, skrini ndogo. Turubai likinyeshewa linakuwa mzigo tofauti na lile lililopimwa likiwa kavu.

Uzito wa kubahatisha ulionyesha madhara yake katika ukumbi wa Hong Kong Coliseum tarehe 28 Julai 2022. Skrini iliyoning'inizwa juu ya jukwaa katika onyesho la kundi la Mirror ilianguka juu ya wachezaji, na mmoja wao akaumia uti wa mgongo vibaya sana. Uchunguzi wa serikali ulikuta waya za chuma zisizo na ubora uliotakiwa, tena ukakuta kwamba uzito wa vifaa uliotangazwa ulikuwa mdogo kuliko uzito halisi. Ile ilikuwa skrini, lakini spika huning'inizwa kwa waya, shakeli na mota za aina ileile. Tiba yake ipo na si ghali ikilinganishwa na gharama ya tamasha: kipima mzigo kinachowekwa kati ya mota na fremu, kikasoma kilo halisi wakati safu inainuka. Namba iliyosomwa ikizidi iliyoandikwa, kazi husimama hadi tofauti ijulikane imetoka wapi.

Kiungo cha kwanza katika njia ya uzito ni boksi lenyewe. Boksi lililotengenezwa kuning'inizwa lina vyuma vilivyopita ndani yake kutoka juu hadi chini, hivyo mbao hazibebi uzito wa maboksi yaliyo chini. Boksi lisilo na vyuma hivyo halipandishwi, hata kama lina vishikio imara. Kishikio kimewekwa kwa ajili ya mikono ya wapakiaji. Skrubu zake zimeshika ubao tu. Mtu anayepitisha mnyororo kwenye kishikio amegeuza ubao wa milimita chache kuwa nguzo ya mfumo mzima. Katika miji ya pwani jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa chumvi ya hewa hula vyuma na unyevu huvimbisha ubao kuzunguka skrubu, na boksi lililokaa miaka mitano ghalani karibu na bahari linaweza kuonekana zima kwa nje.

Maboksi ya safu huunganishwa kwa pini zenye gololi ndogo nchani. Ukibonyeza kitufe, gololi huzama. Ukiachia, hutokeza upande wa pili na kuizuia pini isirudi. Mahali hapa panastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu pini iliyoingia milimita tatu pungufu inafanana kabisa na iliyoingia yote. Kichwa kimekaa mahali pake, na boksi halitikisiki likiwa bado kwenye kigari chake. Lakini gololi bado ziko ndani ya tundu, na mtikisiko wa besi unaweza kuirudisha pini nyuma kidogo kidogo usiku mzima. Jicho halitoshi. Kila pini huvutwa kwa mkono baada ya kuingizwa, kisha mtu wa pili asiyeziingiza hupita akizivuta upya kabla safu haijaondoka chini. Ni kazi ya dakika chache, na ikishapandishwa safu haiwezekani tena.

Baada ya boksi huja shakeli, waya na slingi, yaani mikanda ya kunyanyulia. Kila kimoja kinapaswa kuwa na uwezo wake uliochapwa mwilini: shakeli ya inchi 5/8 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika kwa kawaida huandikwa tani 3¼. Isiyo na maandishi haina uwezo unaojulikana, basi haipandi. Hata yenye maandishi hubeba uzito huo ikivutwa kwa mstari wake tu. Ikivutwa kwa ubavu, kwa pembe ya nyuzi 90, hubaki na nusu. Namba iliyochapwa ni ya kufanyia kazi, nayo ni sehemu ndogo tu ya nguvu ya kukatikia. Kanuni za Ulaya za vifaa vya kunyanyulia hudai angalau mara 4 kwa minyororo, mara 5 kwa waya wa chuma na mara 7 kwa mikanda ya nyuzi. Ziada hiyo imewekwa kwa ajili ya mishtuko, uchakavu na mambo yasiyotabirika. Fundi anayesema waya wa tani moja "unabeba hata nne" anaitumia akiba ambayo tayari imetengwa kwa kazi nyingine.

Kitanzi cha waya wa chuma kinachofaa ni kile kilichobanwa kiwandani. Kitanzi kilichofungwa kwa klipu za U huonekana kila mahali kwa sababu klipu zinapatikana katika duka lolote la vifaa vya ujenzi, na mara nyingi zimefungwa kinyume: tandiko la klipu linatakiwa likae upande wa waya unaobeba mzigo, na msumari wa U ukae upande wa mkia. Ukizigeuza, msumari unaubana waya unaobeba na kuvunja nyuzi zake. Waya huchunguzwa kwa kuupitisha mkononi ukiwa umevaa glavu. Kanuni za Marekani huukataa waya wenye nyuzi kumi zilizokatika katika urefu wa msokoto mmoja, au tano katika ukambaa mmoja. Slingi za nyuzi za poliesta ni nyepesi na hazikwaruzi, lakini joto huziyeyusha. Karibu na taa au moto wa jukwaani hutumika slingi zenye kiini cha chuma, au huongezwa waya wa pili wa akiba. Waya huo wa akiba uwe mfupi na ushikwe mahali tofauti na kifungo kikuu. Ukiachwa umelegea nusu mita, mzigo unapokatika hupata nafasi ya kushika kasi, na mshtuko wa kuukamata huweza kuukata nao.

Pembe huongeza mzigo bila kuongeza kilo hata moja. Paa la ukumbi mara nyingi halina boriti mahali spika inapotakiwa, hivyo mafundi hutumia miguu miwili ya waya kutoka boriti mbili inayokutana katikati. Wanaobeba ndoo kwa kamba wakiwa wamekaribiana hugawana uzito nusu kwa nusu. Wakiachana, kila mmoja huvutwa zaidi ingawa maji ni yaleyale. Mzigo wa tani moja ukining'inia kwa miguu miwili yenye pembe ya nyuzi 60 kati yake, kila mguu hubeba kilo 580 hivi. Kwa nyuzi 90 ni kilo 710. Kwa nyuzi 120 kila mguu hubeba tani nzima, na boriti zinavutwa zikutane kwa nguvu ya kilo 870 hivi kila upande. Kwa nyuzi 150 ni karibu tani mbili kwa kila mguu. Boriti iliyosanifiwa kubeba uzito wa kwenda chini haikusanifiwa kuvutwa kwa ubavu, na hilo ndilo linalosahaulika hata na mafundi wanaokumbuka waya.

Kazi ya kuinua hufanywa na mota za mnyororo au, kwenye matamasha madogo, chenibloku ya kuvuta kwa mkono. Safu moja mara nyingi huning'inia kwa mota mbili, ya mbele na ya nyuma, ili ipate mwinamo. Mwinamo unapobadilishwa, uzito huhama kutoka mota moja kwenda nyingine, na ikiinamishwa sana moja inaweza kubeba karibu kila kitu. Kwa hiyo kila mota ichaguliwe kana kwamba ingebeba safu yote peke yake. Trasi ndefu ina mtego wake. Ikishikwa kwa mota tatu zilizopangwa kwa nafasi sawa na mzigo ukitandazwa sawasawa, watu wengi hudhani kila mota hubeba theluthi. Hesabu ya uhandisi inasema vingine: ya katikati hubeba asilimia 62.5, na kila moja ya pembeni chini ya asilimia 19. Mota ya katikati ikiwahi kusimama sentimita chache juu ya wenzake, inaweza kubeba zaidi ya hapo. Jambo hili halionekani kwa macho kabisa. Trasi huonekana imenyooka na mota zote zimetulia.

Trasi nazo zina jedwali lake. Trasi inayobeba kilo 1,000 zilizotandazwa urefu wote kwa kawaida hustahimili nusu tu ya hizo zikiwekwa katikati kwa kifungo kimoja, kwa kuwa mpindo unaotokea ni uleule. Spika ni mzigo wa kifungo kimoja. Fundi anayesoma safu ya kwanza ya jedwali badala ya ile inayomhusu amejipa ruhusa ya kubeba mara mbili ya kinachowezekana.

Paa la ukumbi wa kudumu huchukuliwa kuwa salama kwa sababu limekuwepo miaka mingi. Hiyo ni hoja dhaifu. Paa la mbao na mabati la kanisa, ukumbi wa shule au ukumbi wa harusi lilisanifiwa kujibeba lenyewe, upepo na dari nyepesi; hakuna aliyelihesabia spika za kilo 400 zikining'inia kwenye boriti moja, zikitikisika kila Jumapili. Swali la kuulizwa kwa mwenye ukumbi ni la wazi: michoro ya paa iko wapi, na mhandisi gani aliyesajiliwa amesema vifungo hivi vinabeba kiasi gani? Tanzania wahandisi husajiliwa na bodi ya ERB, Kenya na bodi ya EBK, na sahihi ya mhandisi wa majengo hugharimu kidogo kuliko spika moja. Bila michoro, spika hukaa chini.

Kuna majengo ambayo jibu lake linajulikana mapema. Ngome Kongwe ya Unguja, ambako tamasha la Sauti za Busara limefanyika kwa miaka mingi tangu lianze mwaka 2004, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ndani ya Mji Mkongwe ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Ukuta wa namna hiyo haufai kutobolewa wala kuvutwa na kamba ya mnara. Mahali kama hapo mfumo mzima husimama kwa uzito wake wenyewe, na mazungumzo yote huhamia kwenye minara na upepo.

Upepo ndio uliosababisha maafa mengi ya majukwaa ya wazi. Tarehe 13 Agosti 1990 huko Brooklyn, New York, fremu ya taa iliyoangushwa na upepo ilimpiga mwanamuziki Curtis Mayfield na kumpoozesha kuanzia shingoni kwenda chini. Tarehe 18 Agosti 2011 dhoruba ilibomoa sehemu za tamasha la Pukkelpop nchini Ubelgiji na watu watano wakafa. Siku tano kabla yake, tarehe 13 Agosti 2011, jukwaa la maonyesho ya jimbo la Indiana nchini Marekani lilianguka kabla tu ya kundi la Sugarland kupanda. Watu saba walikufa na zaidi ya hamsini walijeruhiwa.

Tukio la Indiana linafaa kuchunguzwa polepole kwa kuwa limeandikwa vizuri kuliko mengi. Mvumo uliofika ulikadiriwa kuwa kilomita 95 kwa saa hivi, lakini wahandisi waliochunguza mabaki walionyesha kwamba mfumo wa kuzuia jukwaa lisisukumwe kando ulishindwa kwa mwendo mdogo kuliko huo, na chini ya ule ambao kanuni za ujenzi ziliutaka. Kamba za kushikilia zilifungwa kwenye vizuizi vya zege kama vile vya barabarani. Vizuizi hivyo ni vizito kwa kuvitazama, lakini juu ya udongo na lami huteleza na kuinuka vinapovutwa kwa pembe. Upande mwingine wa uchunguzi uligusa maamuzi. Wingu lilionekana, tahadhari ya hali ya hewa ilitolewa, na watu walibaki vitini, kwa sababu haikuwa wazi ni nani hasa mwenye mamlaka ya kusimamisha onyesho. Zege lilikosea kwa kilo. Waandaaji walikosea kwa kutomteua mtu. Kosa la pili lingeweza kufuta madhara ya la kwanza, kwani jukwaa likianguka mbele ya viti vitupu ni hasara ya mali tu.

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake. Kwa mita 10 kwa sekunde, kila mita ya mraba ya kitu bapa husukumwa kwa nyutoni 61 hivi. Kwa mita 20, sawa na kilomita 72 kwa saa, ni 245. Chukua safu ya spika na bango lake vyenye mita za mraba 10 kwa jumla, katika mita 8 juu ya ardhi. Msukumo ni kama kilo 250, kabla ya kuhesabu athari ya umbo. Msukumo huo hujaribu kuupindua mnara kwa kilo 2,000 zikizidishwa kwa mita moja. Kitako cha mnara kikiwa na upana wa mita 3, uzito uliopo katikati una mkono wa mita 1.5 tu wa kuuzuia, kwa hiyo zinahitajika kilo 1,333 ili mnara usimame ukingoni mwa kuanguka, na tani 2 ili uwe na ziada ya mara moja na nusu. Tani 2 ni matangi mawili ya maji ya lita 1,000 yaliyojazwa hadi mdomoni. Bloku moja ya zege na mifuko sita ya mchanga havifiki huko, ingawa ndivyo vinavyoonekana kwenye viwanja vingi.

Bango la mdhamini linastahili kutajwa peke yake. Spika haiwezi kuondolewa ghafla, lakini kitambaa kinaweza, na mara nyingi kitambaa ndicho chenye eneo kubwa kuliko vyote. Kikifungwa kwa namna ya kuachiliwa haraka kutoka chini, msukumo hupungua ndani ya dakika. Kikishonwa kwa waya kwenye kila nguzo, mnara hugeuka tanga. Mwambao wa Afrika Mashariki kusi huvuma kwa nguvu katikati ya mwaka na kaskazi hushika zamu mwishoni mwake hadi Machi, na hakuna mwezi ambao mwandaaji wa tamasha la ufukweni anaweza kusema upepo haumhusu. Kinachotakiwa ni kipima upepo kileleni mwa mnara na karatasi ya hatua iliyotiwa sahihi kabla ya siku yenyewe: kwa mwendo huu mabango yanashuka, kwa mwendo huu spika zinashushwa, kwa mwendo huu watu wanaondolewa. Namba hutoka kwa mtengenezaji wa mnara na mhandisi. Mtu anayetamka "simama" huandikwa jina, na mtu huyo asiwe yule anayepoteza fedha onyesho likikatika.

Hali ya hewa tulivu haitoi hakikisho. Tarehe 16 Juni 2012, katika bustani ya Downsview mjini Toronto, paa la jukwaa lililoandaliwa kwa ajili ya kundi la Radiohead liliporomoka mchana, kabla ya mashabiki kuingia, na kumuua Scott Johnson, fundi wa ngoma wa kundi hilo. Hakukuwa na dhoruba. Mashtaka yaliyofuata yalisitishwa mwaka 2017 kwa sababu kesi ilichukua muda mrefu kupita kiasi, na familia ikasubiri hadi mwaka 2019 kupata uchunguzi wa hadharani wa chanzo cha kifo.

Spika zilizopangwa chini ndizo zinazotumika katika sehemu kubwa ya shughuli za Afrika Mashariki: mikutano ya hadhara, harusi, mahubiri ya uwanjani, matamasha ya mitaa. Hatari yake hudharauliwa kwa kuwa haiko hewani. Rundo la mita 4 likimwangukia mtoto aliyelala nyuma yake matokeo ni yaleyale. Besi za chini hutikisa, na mtikisiko husogeza boksi la juu kidogo kidogo hadi ukingoni. Kwa hiyo rundo hufungwa kwa mikanda ya racheti, linasimama juu ya mbao pana ikiwa ardhi ni laini, na husawazishwa kwa pima maji kila tabaka. Likiwa juu ya jukwaa, uwezo wa jukwaa kwa mita ya mraba huulizwa kwanza, kwani rundo hilo huweka uzito wake wote kwenye mita chache. Uzio huwekwa pande zote. Vijana hupanda spika kutazama jukwaa, na mfumo usiozuia hilo haujafungwa bado.

Umeme huua kimya zaidi. Tarehe 3 Mei 1972 mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, Les Harvey, aliuawa jukwaani Swansea, Wales, kwa kugusa maiki huku vyombo vikiwa na hitilafu ya ethi. Jenereta la tamasha huhitaji ethi yake, swichi ya kukata mkondo unaovuja kwenye mistari inayofika mikononi mwa wasanii, na nyutro iliyokazwa vizuri. Nyutro ikilegea katika mfumo wa fezi tatu, soketi iliyotarajiwa kutoa volti 230 inaweza kukaribia 400, na amplifaya huungua moja baada ya nyingine. Trasi na minara ya chuma navyo huunganishwa na ethi. Katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ambao ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, mnara ndio mara nyingi kitu kirefu kuliko vyote uwanjani, na radi ikisikika watu huondolewa chini yake mapema.

Wakati wa kuinua, eneo lote chini ya mzigo hufungwa, na mtu mmoja tu hutoa amri kwa mwendesha mota. Neno la kusimamisha, hata hivyo, ni la kila mtu, pamoja na kibarua aliyeajiriwa asubuhi ileile. Wanaopanda huvaa mkanda wa mwili mzima uliofungwa muda wote, na mpango wa kumshusha aliyening'inia akiwa amezimia huandaliwa kabla ya yeyote kupanda, kwa kuwa kuning'inia hivyo kwa dakika nyingi ni hatari yenyewe. Vijana wanaopanda minara mikono mitupu kwa posho ya siku wanabeba hatari ambayo mwandaaji aliamua kutoilipia.

Sheria hutofautiana. Uingereza, chini ya kanuni za mwaka 1998 za shughuli za kunyanyua, vifaa hukaguliwa kwa kina angalau kila miezi 12, na slingi, shakeli na vifungo vya namna hiyo kila miezi 6. Ujerumani hutofautisha mota ya kawaida na ile yenye breki mbili na ziada kubwa ya nguvu. Ya kawaida hairuhusiwi kuacha mzigo juu ya watu bila kifungo cha pili. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inayosimamiwa na wakala wa OSHA, na Kenya ina ya mwaka 2007. Zote mbili zinagusa vifaa vya kunyanyulia na wajibu wa mwajiri, na uwanja wa tamasha wakati wa kufunga vyombo ni mahali pa kazi kama kiwanda. Pengo liko katika kibali. Kibali kinachouliza ulinzi, kelele na saa ya kufunga, bila kuuliza uzito uliopo juu, upepo unaovumilika na jina la mhandisi, kinaacha nje lile linaloweza kuua wengi kwa pamoja. Maswali hayo matatu yangeingia katika ukurasa mmoja.

Kushusha hufanyika usiku wa manane, watu wamechoka, malori yanasubiri na umati haujaisha kuondoka. Eneo la chini hufungwa upya kama wakati wa kuinua, maji ya matangi hayaachiliwi hadi safu na mabango viwe chini, na trasi hushuka mota zote kwa pamoja. Kila shakeli, pini na slingi hukaguliwa inaporudi kwenye sanduku lake, na iliyoharibika huandikwa katika daftari la vifaa. Slingi iliyochanika hukatwa vipande viwili palepale, ili asitokee mtu wa kuiokota kwenye tamasha linalofuata.